Mwalimu Robert ajaribu baridi ya Lushoto akiwa Kariakoo

Badria, tulikuwa wanne: mimi, Mwalimu Robert msimamizi wa kambi, Mwalimu Sitara, na Mama Severa mwenye duka la magodoro hapa Kariakoo.

Jumamosi tunawapeleka wanafunzi thelathini Lushoto, Julai hii, wakalale kwenye mahema. Basi Robert kajitia ndani ya mfuko wa kulalia, kafunga zipu hadi kidevuni, kajilaza juu ya rundo la magodoro. Saa nane mchana. Kariakoo!

Dakika mbili tu, jasho linamchuruzika. Akatamka kwa fahari: "Mmeona? Joto tele. Vigodoro vya kutandika chini havihitajiki."

Juu ya magodoro, Badria! Amelalia magodoro sita, anasema magodoro hayahitajiki!

Mama Severa, mtu wa Rombo, alicheka mpaka akashika kaunta. "Ticha, baridi inakupanda kutoka ardhini. Mfuko huo ukiulalia unabonyea, mgongoni unabaki na kitambaa tu."

Robert, bado kafungwa kama kifurushi: "Mama, mimi nina cheti cha skauti."

Cheti! Sitara akajifanya anasoma lebo ya shuka.

Nikamuuliza kuhusu Najma, yule mwanafunzi wangu mwenye selimundu. Baridi ikimwingia, maumivu yatamlaza hospitali.

"Atavaa soksi mbili," akanijibu.

Soksi mbili, Badria.

Nimewatangazia wote palepale: mimi ndiye makamu mkuu wa shule, msafara nauongoza mwenyewe, na basi halitoki Dar mpaka vigodoro thelathini vipakiwe.