Kitambaa cha Songül

Amasya, 4 Machi

Songül mwanangu,

U mzima? Mimi mzima, ila magoti yananung'unika na theluji imegoma kuondoka. Huko Hannover unakula, au ni mkate mkavu tu? Nakutumia unga wa tarhana. Ukipika supu koroga, usiiache ishike chini.

Nimeota tena. Unavuka daraja letu peku, viatu mkononi. Nilipoamka nikapanda kwenye kaburi la walii, nikafunga kitambaa kipya cha kukuombea kwenye ule mti. Mwaka wa kumi na mbili huu tangu ile ajali. Najua utanicheka. Cheka.

Mamako


Hannover, 29 Machi

Mama mpenzi,

Nakubusu mikono. Mimi mzima, tarhana imekwisha. Wenzangu wamelamba mpaka sufuria.

Mama, kitambaa chako kimeniponza! Unajua kwenye kikapu chetu cha viti vya magurudumu kila mchezaji hupewa pointi kwa jinsi mwili wake unavyoweza: anayeweza zaidi ana nyingi, na jumla ya watano walio uwanjani isizidi kumi na nne. Mimi nilikuwa mbili na nusu, tukatimia kumi na nne kamili. Juzi wapimaji walikuja kuitazama timu yetu ya taifa. Mpira ukadondoka upande wangu mbovu. Nikainama, nikauokota, nikanyooka bila kushika kiti. Nikawakonyeza kabisa! Wakanipa tatu. Kocha Nevin akasema, "Hongera, umepona nusu pointi. Sasa kakae benchi."

Nafasi ya pointi tatu ni ya Ayten, naye anacheza vizuri. Kombe la Ulaya ni Juni, na nimelingoja tangu siku ya kwanza nilipokalia kiti hiki. Kujifanya dhaifu siwezi, nitaona haya mbele ya wenzangu. Basi panda wewe, ukakifungue hicho kitambaa. Natania. Nusu natania.

Binti yako


Amasya, 16 Aprili

Songül,

Mimi mzima. Barua nimeipata.

Nilipanda. Nikakishika kile kifundo, vidole vikakataa. Miaka yote hii namwomba Mungu uinuke, leo nimwambie basi? Unaniomba nini, mwanangu? Siandiki kwa hasira. Nimechoka tu.

Mamako


Hannover, 2 Mei

Mama,

Nisamehe. Vipi magoti?

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Nami huota daraja letu. Napita chini yake, juu ya mto, kitini, magurudumu hayagusi maji. Sijawahi kuota natembea, wala siamki nikilia. Nilidhani ukilijua hili utaumia.

Tukifika fainali itaonyeshwa kwenye televisheni, tarehe 21 Juni. Huenda nisicheze. Tazama hata hivyo.

Binti yako


Amasya, 24 Juni

Songül, mama yangu,

U mzima? Bega linauma?

Nilitazama kwa jirani yetu Döndü. Robo tatu nzima uko benchi, nikamporomoshea kocha wako maneno mpaka Döndü akanijaza mbegu za alizeti mdomoni. Kisha Ayten akapata kosa la tano, akatolewa. Nikaruka: "Tatu katoka, tatu aingie!" Ukaingia.

Halafu yule Mholanzi akakugonga, ukapinduka wewe na kiti, magurudumu juu. Nilipiga yowe. Döndü akasema, "Zeliha, tulia, si amefungwa mkanda!" Kumbe wewe unacheka. Ukaweka mkono mmoja chini, ukajisukuma, ukainuka na kiti chako chote.

Mmefungwa kwa kikapu kimoja, najua. Usilie sana.

Kitambaa sikukifungua, na sitafunga kingine. Miaka kumi na miwili nimeomba uinuke, na nimekuona ukiinuka.

Jana nimeota tena unarudi. Nilikuwa jikoni, sijakuona bado. Nikasikia magurudumu darajani, nikabandika chai.

Mamako