Mgeni Nyumbani kwa Kagoya

Jumatano, 10 Februari 1988. Jinja

Nimefika. Mifupa yote inauma. Pale Busia nimevushwa mpaka wa Kenya na Uganda nikiwa nyuma ya baiskeli — mie, na umri huu, baibui linapepea! Mwenye baiskeli anakanyaga huku anaimba. Nikasema moyoni, nikianguka hapa katikati, nitazikwa nchi gani?

Mji mpana, kimya. Maduka ya Kihindi yamejipanga barabara nzima, juu ya kila mlango jina la mwenyewe na mwaka aliojenga. Ndani Mhindi hayumo. Humu mtu anauza chumvi kwa kopo, kule wamefunga mbuzi. Matundu ya risasi yamepakwa chokaa lakini yanaonekana. Na yale madege juu ya mabati, loo! Makubwa, vipara, yanakutazama kama umeyakosea. Tanga hatuna viumbe hivi.

Chumba nimepata kwa Bwana Siraje, muuza vitambaa karibu na msikiti. Kaniletea chai isiyo na maziwa, ati ni "chai kavu". Kavu vipi, na ni maji?

Nimekuja kumtafuta mjukuu. Mwanangu Shekue alikuja huku na jeshi letu mwaka wa sabini na tisa, akakaa Jinja miaka miwili, akarudi na kifua kibovu. Mwaka jana, yuko kufani, ndipo ananiambia: mama, nimeacha binti Jinja, mama yake anaitwa Kagoya, wa Walukuba. Sikuwa na mtoto mwingine. Huyo binti ndiye niliyebaki naye duniani, na hata sura yake siijui.

Alhamisi, 11 Februari

Walukuba nimekwenda peke yangu. Ujinga wangu.

Ni nyumba za wafanyakazi wa viwandani, mistari mistari, viwanda vyenyewe vingi vimelala. Nikakuta wanawake wameanika dagaa, wanacheka. Nikasalimia kwa bashasha zote za kwetu — hodi jamani, hamjambo, namtafuta Kagoya! Kicheko kikakatika. Mmoja akawasukumia watoto ndani. Mzee mmoja akavua kofia, akatazama chini: "Sijui, afande."

Afande! Mimi, na baibui langu!

Nimegonga milango mingine. Sijui, afande. Hayuko, afande. Nimerudi kwa miguu, nikajifungia, nikalia mpaka kichwa kikauma.

Siraje kanieleza taratibu, asiniumize. Bibi, anasema, hapa Kiswahili ni lugha ya askari. Waliobisha hodi wakachukua redio, wakachukua watu, wote walisema Kiswahili. Mkaja nyinyi wakombozi — Kiswahili tena. Hata uombe maji ya kunywa, mtu anasikia bunduki.

Lugha niliyombembelezea mwanangu! Tangu alasiri sijafungua mdomo.

Ijumaa, 12 Februari

Baada ya sala mke wa Siraje, Hasifa, kanichukua tena Walukuba. Kaniamuru ninyamaze. Nikamfuata kimya, mwali wa miaka hamsini na nane! Akapiga magoti mbele ya bibi mmoja, wakasalimiana: watoto, mihogo, mvua, usingizi. Salamu haziishi. Jina la Kagoya lilikuja mwisho kabisa, tena kama mtu aliyekumbuka tu.

Kumbe kaolewa. Mume anaitwa Isabirye, mwalimu, wanakaa Mbale, mtaa wa Nkoma. Mtoto yu hai. Mtoto yu hai!

Jumamosi, 13 Februari. Mbale

Mlima umesimama juu ya mji kama ukuta, maji yanaporomoka toka juu. Mji safi. Lakini barazani wamelala watu waliokimbia vita kwao Teso, na masufuria yao na magodoro. Nimewapita nikiona haya kubeba begi zima.

Nkoma. Nimemkuta Kagoya uani anachambua maharage. Mwembamba, mrefu. Nimekaa chini kwanza, nikasalimia kama Hasifa alivyonifundisha, kisha nikamwambia: mie mamake Shekue.

Hakushtuka. Akauliza tu, "Yeye iko wapi?"

Nikamwambia.

Mikono ikaendelea na maharage. Mawe anaweka bakulini, maharage anatupa. Nikamshika mkono. Hapo akafunika uso kwa leso. "Mimi nilingoja, mama. Watu nacheka mimi — huyo bibi ya mukombozi! Mimi nilingoja tu."

Tumelia sote wawili. Nilidhani mazito yamekwisha.

Mtoto akarudi kisimani. Anaitwa Nangobi. Ya Allah — paji lile la Shekue, masikio yale yetu! Nikasahau yote. Nikainuka na mikono yangu miwili: njoo mwanangu, njoo! Akatua ndoo, akapita mbio kama panya, akaingia chini ya kitanda.

"Tulifundisha watoto hivyo," kasema Kagoya. "Kiswahili kwa mlango, ingia chini ya kitanda. Lala. Usikohoe."

Nimeona nyayo zake tu. Chafu, zina tope la kisimani. Nimetoka miji yote ile kuja kuona nyayo.

Kisha Kagoya akanipa sharti. Mtoto anajua baba ni Isabirye. Isabirye alimchukua mdogo, akampa jina la ukoo wake mbele ya wazee. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba. Ukoo ukitokea mlangoni, umekuja kuchukua. "Isabirye akijua wewe ni nani, ataona umekuja beba mtoto." Basi Isabirye akirudi safari, mimi ni mgeni, jamaa wa Hasifa. Nikae mpaka nipumzike, halafu niende zangu.

Kwetu nyanya akija, anatandikiwa mkeka mpya. Na hapa nimetandikiwa, lakini wa mgeni.

Nami nimeapa? Sijaapa. Nimeitikia kwa kichwa tu.

Jumapili, 14 Februari

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie nimejipa leo. Nimefagia uwanja, nimemenya matoke, utomvu umenigandia vidoleni. Sisemi. Mtoto ananichungulia mlangoni.

Mchana wamenipa malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na rojo la karanga. Natafuna, natafuna, ni kamba ya kiatu! Macho yakanitoka. Nikasikia kicheko. Nangobi kashika tumbo, kaangukia begani kwa mama yake. Kicheko cha Shekue kile, cha kukatikia puani.

Nikaomba nyongeza. Ili acheke tena.

Jumatatu, 15 Februari

Nangobi karudi kutoka shule, kaja kukaa mkekani kwangu, mwenyewe. Kagoya alikuwa jikoni nje. Akanigusa hina ya kucha. Halafu, polepole, Kiswahili sijui kakitoa wapi:

"Jaja, wewe iko na mtoto?"

Jaja kwao ni nyanya; kila mwanamke mzee wanamwita hivyo. Nikasema nilikuwa naye. Jina? Ningenyamaza. Nilitaka kunyamaza. Lakini mtoto kaniuliza jina la baba yake — nimdanganye?

"Shekue," nikasema. Jina tu. Sikuongeza kitu.

Akalirudia mara nyingi, analionja.

Kabla ya magharibi Isabirye kaingia kutoka safari. Nilitaka awe mbaya. Si mbaya! Mfupi, miwani imefungwa uzi. Mtoto kamrukia mbiombio, kampokea mkoba, kampigia magoti. Akamwinua, akampangusa vumbi magotini. Akanikaribisha kwa heshima, "Karibu sana, mama." Kisha akanitazama usoni. Akamtazama mtoto. Akanitazama tena, kitambo. Akavua miwani.

Akawaita chumbani, mke na mtoto.

Nimekaa mkekani naandika. Begi langu liko tayari, sijui nimelifunga saa ngapi. Pazia limeshushwa. Wanasema Kisoga, harakaharaka, yeye swali, Kagoya jibu fupi. Siambulii hata neno moja. Kagoya analia, au ni kikohozi? Ningeingia. Niingie niseme nini, na kwa lugha gani? Sikuja kumchukua, baba. Nilikuja kumwona tu. Uongo — nilikuja kumchukua. Tanga nimekwishamnunulia kitanda.

Hapo! "Shekue." Nimesikia! Si sauti ya Kagoya. Wala si ya mwanamume. Ni ya mtoto, anauliza.

Anauliza tena —