Neno Letu ni Kabichi

Jumanne, 2 Juni

Uzi wa mume wangu, Winchi, umechakaa tena. Leo nimekata mwingine kazini, ule mwekundu tunaoshonea nembo za sare, nikaja nao nyumbani ndani ya mkoba kama mwizi. Baada ya chai nikamfunga mguuni, juu kidogo ya kifundo, pale soksi inapofunika. Alitulia kama mtu anayenyolewa. Kisha: "Ahsante, mwenyewe." Ndivyo anavyoniita tukiwa wawili tu. Karibu mwaka mzima sasa — na bado moyo unanidunda!

Mapatano yetu yanakwisha Jumapili ya tarehe 14. Yamo kwenye daftari la mistari, chini ya mashine yangu ya kushonea. Yeye anatii, mimi naamuru, ndani ya kuta hizi, kwa hiari ya wote wawili, mwaka mmoja mmoja. Kila Jumapili saa kumi tunakaa mezani uzi ukiwa umefunguliwa, hakuna mkubwa wala mdogo, kila mtu anatoa la moyoni. Na kuna neno la kusimamisha. Mmoja akilitamka, kila kitu kinakoma papo hapo. Aliyesimamishwa anamletea mwenzake glasi ya maji, anakaa karibu naye, na haulizi chochote mpaka glasi iwe tupu.

Neno lenyewe ni kabichi. Winchi ndiye aliyelichagua. Alisema hakuna binadamu atakayelitamka kwa bahati mbaya katikati ya mahaba. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mimi nimelitumia mara mbili. Yeye hajalitumia hata mara moja.

Sizoei, sijui nitazoea lini. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, kutwa yuko juu ya kreni anainua vyuma vya tani mbili, akirudi anapiga goti kunifungua kamba za viatu. Na anafurahi! Mimi ambaye kwetu nilikuwa siulizwi hata kama nimeshiba. Mengine ni ya chumbani, siyaandiki hata hapa.

Jumatano, 3 Juni

Niandike tu.

Asubuhi upepo mkali, kreni zikafungwa, Winchi akabaki nyumbani. Mimi nilikuwa naingia kazini mchana. Tukawa na raha zetu. Saa nne na nusu nikamsimamisha kwenye kizingiti cha chumba, mgongo wima, mikono nyuma. Nikamwambia usitoke hapo mpaka nirudi. Nilikuwa naenda kuanua nguo kabla upepo haujazipeleka kwa watu. Dakika tano!

Niko kwenye kamba, simu ikalia. Kazini. Yule mkataji wetu mzee, asiyekosea, alikuwa ametandika vitambaa vyote uso juu bila kupindua hata kimoja, akakata mikono ya mashati mia tatu. Yote ya kushoto. Mia tatu! Na shule inataka sare zake Ijumaa. Nikamtupia jirani nguo zangu, nikadaka pikipiki na kandambili miguuni.

Nilirudi saa kumi na moja jioni. Nimechoka, nanuka chaki ya kitambaa, nawaza mikono ya kulia tu. Nikafungua mlango.

Yupo pale pale. Wima. Mikono nyuma. Midomo imekauka, goti la kulia limevimba kama papai, suruali — basi, siandiki. Kasimama saa sita na nusu! Akaniangalia, akatabasamu. "Pole na kazi, mwenyewe."

Sikumkumbuka hata mara moja, siku nzima. Hata mara moja.

Ijumaa, 5 Juni

Hakupanda kreni leo. Amemwambia msimamizi kwamba aliteleza bafuni. Mtu asiyejua kudanganya, amedanganya kwa ajili yangu.

Juzi nililia mpaka yeye ndiye akawa ananibembeleza. Jana nikawa na hasira. Nilikuwa namkanda goti kwa taulo la maji moto, nikamuuliza kwa nini hakuondoka. Akasema ahadi ni deni. Nikamwambia asinitolee methali na mguu wenyewe haupindi. Na kabichi je? Akanikazia macho kwa mshangao wa kweli. "Nimwambie nani kabichi? Mlango?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Halafu nikaona hakuwa anatania.

Simu yake ilikuwa kitandani, hatua tatu.

Leo akanieleza jambo la kazini kwake. Ishara ya kushusha mzigo anatoa mtu mmoja tu, yule aliyepangiwa, na Winchi kule juu anafuata mkono wake bila kubishana. Lakini ishara ya kusimama anaweza kuitoa yeyote, hata mama wa chai, na usiposimama unafukuzwa siku hiyo hiyo. Nikamuuliza, na wewe uliye juu, umewahi kuwasimamisha wa chini? Akatikisa kichwa. "Hapana. Sijawahi."

Sijui niite nini hiki nilicho nacho ndani. Nilipomwona pale mlangoni, kabla ya aibu kufika, kitu cha kwanza kilikuwa mshangao — kwamba neno langu moja, nililolisema huku naokota kikapu cha nguo, linaweza kumshika mtu hivyo. Kama nimeingia nyumba ya ibada na viatu. Nilitaka kumwinamia mimi.

Jumamosi, 6 Juni

Wifi kaja bila hodi. Dada yake Winchi, mkubwa wake, muuguzi, mdomo hauna kufuli. Akamkuta mdogo wake kapiga goti moja (la kushoto, la kulia bado) ananifungua kamba za viatu. Makubwa! Akashika kiuno. "Mdogo wangu, umekaliwa mpaka huku?"

Nikatamani ardhi inimeze. Winchi hata hakuinuka haraka. Akamaliza fundo, akaviweka viatu sambamba, akasema, "Dada, kule kazini mtu akishusha kidole mimi nashusha tani mbili, na wewe unajisifu kwa majirani kwamba mdogo wako ni fundi. Hapa nimejichagulia mwenyewe nani wa kumtazama mkono. Kaa, unywe chai." Sijawahi kusikia mtu anasema jambo letu bila kuficha na bila kuona haya!

Wifi akanywa chai. Lakini jikoni, tukiosha vikombe, akaniambia kitu. Kwamba wakiwa wadogo mama yao alimwambia Winchi ashikilie mlango wa banda la kuku, komeo limevunjika, anakwenda kutafuta misumari. Mama akakutana na habari ya msiba njiani, akapitiliza. Mvua ikaja. Walimkuta jioni, kaushikilia, anatetemeka, homa ikamlaza wiki. Akasema, wifi yangu, mimi sikuingilii ya nyumbani kwako. Ila huyu hajui kusema hapana. Tangu utoto. Ungejua kwanza kama anakutii au anashindwa tu.

Vikombe vyote nilivyoosha baada ya hapo nimeviosha mara mbili.

Maana kama hawezi kusema hapana, basi ndiyo zake zote za mwaka huu ni za nini? Nilidhani napewa zawadi kila siku. Kumbe labda nilikuwa nachukua tu.

Jumatatu, 8 Juni

Nimepata dawa! Nimempa amri: kabla ya Jumapili, unikatalie jambo moja. Lolote. Bila hivyo sitatia sahihi mwaka wa pili, na uzi tunaukata.

Akawa kama niliyempiga. "Ndiyo, mwenyewe," akasema.

Nikaanza kumrahisishia. Nikamwambia ale wali kwa kijiko cha chai. Akala. Nikamwambia avae soksi mikononi, apange vyombo kabatini. Akapanga! Kavunja sahani moja, akaomba radhi. Nikamwambia aimbe wimbo wa taifa kwa sauti ya kuku. Majirani wamesikia. Mimi nimelala sakafuni kwa kicheko, naye anacheka, na mwisho wa yote hakuna hapana hata moja.

Nilipomaliza kucheka nikahofu zaidi.

Jumatano, 10 Juni

Goti limepona, kapanda kreni. Jioni nikamwambia, bado siku nne. Akaniomba ruhusa ya kusema kama Jumapili, uzi ukiwa umefunguliwa. Nikaufungua. Akauweka mezani mbele yake, akaunyoosha na kidole.

Akasema hivi, nakumbuka karibu yote: "Siwezi kukukatalia jambo nisilotaka kulikataa. Soksi mikononi — mimi nilifurahi. Nikikwambia hapana kwa sababu umeniagiza, hiyo si hapana. Ni ndiyo nyingine tu, imevaa nguo za hapana. Utakuwa umedanganyika, na mimi nitakuwa nimekudanganya."

Nilikuwa nimejiona mjanja wiki nzima, kumbe nimekata mikono ya kushoto mitupu.

Nikamuuliza juu ya banda la kuku. Akastaajabu kwamba najua. Akasema wakati ule alikuwa anamwogopa mama. "Wewe sikuogopi." Basi siku ile mlangoni ulikuwa unawaza nini, saa sita zote? Saa mbili za kwanza alikuwa na furaha, akasema, furaha ambayo hana jina lake, kama akiwa juu alfajiri kabla wengine hawajafika. Baadaye maumivu. Baadaye alianza kuona kwamba nimesahau. "Na hapo?" Alichukua uzi akanipa, akainua mguu nimfunge.

Amri ya kukataa nimeifuta. Nimemwomba radhi, tena nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, yeye kwenye kiti. Aliona haya sana!

Jumamosi, 13 Juni

Nimeshinda na daftari. Mapatano mapya, nimeyaandika upya kwa mwandiko wangu wa nembo.

Masharti sita ni yale yale, nimerekebisha machache. Neno linafanya kazi hata mtu akiwa peke yake — anaweza kuuambia mlango, mlango unatosha. Amri ya kusimama au kungoja haizidi robo saa. Nikitoka nje ya nyumba, amri zote zinakufa kizingitini.

La saba ni jipya. Nimeliandika mara nne kwenye karatasi ya ramani za mashati kabla ya kulihamisha. *Mwenyewe akimsahau tena anayemtii, hata mara moja, mapatano yamevunjika, uzi unakatwa, na hautafungwa tena.* Ni haki. Mkataji mzee wamemwandikia barua ya onyo kwa mikono ya mashati. Mimi nilimsahau mtu mzima.

Sijamwonyesha. Kesho.

Nimemchungulia sasa hivi, anapiga pasi shati lake la kazini barazani, anaimba wimbo wa taifa kwa sauti ya kuku. Nampenda mpaka naogopa.

Jumapili, 14 Juni

Saa kumi kamili tumekaa. Nimemfungua uzi, nikauweka juu ya meza. Dirisha wazi, watoto wa jirani wanacheza mpira. Nikamsomea yote saba. Nikatia sahihi yangu. Nikamsogezea kalamu.

Akaishika. Akaanza kusoma mwenyewe, taratibu, kidole kinashuka mstari kwa mstari kama anavyofuata mkono wa mtu wa chini. La kwanza. La pili. Kidole kikafika la saba, kikasimama.

Akaweka kalamu chini.

Akaniangalia usoni. Jasho jembamba juu ya mdomo. Akafungua mdomo. Nikadhani anataka kukohoa.

"Kabichi," akasema.

Amelisema! Jamani, amelisema! Kwa sauti ndogo, lakini wazi, herufi zote. Nywele zilinisimama. Sikucheka, wala yeye. Kwa mara ya kwanza amelitumia neno lile kunisimamisha, na lilikuwa zito kuliko lolote tulilowahi kuambiana, hata siku ya ndoa.

Nimeinuka mara moja. Nimemletea maji. Nimevuta kiti karibu yake mpaka magoti yanagusana. Siruhusiwi kuuliza mpaka glasi iwe tupu. Hiyo sheria niliitunga mimi, mwaka jana, nikiwa najiona na hekima! Sasa ulimi unaniwasha kama nimelamba pilipili. Ndiyo maana nimelivuta daftari langu hili la kila siku, naandika hapa hapa mezani, ili nisifungue mdomo.

Anakunywa kidogo kidogo. Hana haraka. Mkono wake wa kulia uko kwenye glasi. Wa kushoto haujatoka kwenye daftari la mapatano, kidole bado kiko kwenye la saba, pale pale kwenye neno *hautafungwa*, anakisugua kile kistari kama anayetaka kukifuta.

Sasa ameweka glasi. Imebaki nusu. Ameuvuta ule uzi mwekundu, ameuzungusha mara moja kwenye kidole gumba chake, anaangalia nje.

Sijawahi kungoja hivi maishani mwangu. Mgongo wangu uko wima, nimeona sasa hivi. Mikono tu ndiyo haiko nyuma, kwa sababu ya kalamu.

Ameichukua glasi tena.