Siku Nne za Mama

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kile kikohozi cha mtoto wa mwisho kimeshamwacha alale. Huku sisi tu wazima wa kusema tu, maana mama yuko wodini. Usishtuke, mama anaongea na anacheka. Jana alimwambia muuguzi kwamba chai ya hospitali ni maji yaliyosimuliwa habari za majani ya chai. Kesho asubuhi anapasuliwa, watoe mawe kwenye mfuko wa nyongo. Nimekupigia simu mara mbili nikakata kabla hujapokea. Kuna mambo ulimi unayakataa, mkono ndio unaokubali.

Unajua nafanya kazi masjala ya hospitali hii, lakini sijawahi kukueleza vizuri. Kila mgonjwa hupewa namba siku ya kwanza, na kila akilazwa tena hutakiwa atumie namba ileile, ili daktari akiifungua aone yote yaliyompata. Sasa watu hupoteza kadi, foleni ni ndefu, na karani mvivu huona afadhali afungue namba mpya kuliko kuitafuta ya zamani. Basi mtu mmoja aliyelazwa mara tano, kompyuta inamhesabu kuwa watu watano waliolazwa mara moja moja. Mwaka huu wakubwa walitaka kujua ni wangapi wanaorudi wodini ndani ya mwezi, asipatikane wa kuwajibu. Nikapewa mimi kazi ya kuunganisha namba. Nalinganisha tarehe ya kuzaliwa, simu, jina la mama mzazi. Kuna bwana mmoja nilimkuta amezaliwa kabla ya mama yake. Mkuu wetu, tunayemwita Mzee Rula kwa kuwa hasomi orodha bila rula mkononi, alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nina jicho la mwewe. Nilitabasamu, dada, lakini sifa ile haikunifaa.

Jana daktari wa upasuaji alikuja kitandani kwa mama, nami nipo. Alisema haoni popote kwenye rekodi kwamba mama amewahi kulazwa hapa, akamuuliza kama ni kweli, na kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Mama alinitazama mimi kwanza. Kisha akamjibu kwamba kitanda cha hospitali amekijua kwa kutembelea wagonjwa tu, na dawa zote zinampenda. Daktari akacheka, akaandika. Nikajikaza nikasema kuna sindano humdhuru. Akaniuliza ilikuwa lini na wapi, mbona haijaandikwa. Kabla sijajibu mama akaingilia, akasema binti yake ana wasiwasi tangu utotoni, hata kuku akipiga chafya huita daktari. Nikamwacha daktari aende zake. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyofanya. Na sindano yenyewe ipo kwenye orodha ya dawa zake za kesho, kabla hawajashika kisu. Nimeiona kwa macho yangu.

Dada, mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kungoja kifo. Mwaka juzi mama alipokuja kunitembelea, nilikuambia amelala siku nne kwa mafua. Hayakuwa mafua, ilikuwa kichomi. Hakuwa na barua ya kituo cha afya, na bila barua hiyo hapokelewi mtu wodini ila mfanyakazi. Alikuwa anahema mpaka mbavu zinahesabika. Nikakaa kwenye kompyuta, nikamlaza kwa namba yangu na kwa jina langu. Wodi ilijaa, wauguzi wamechoka, hakuna aliyesoma umri. Siku nne aliitwa kwa jina langu akaitika. Siku ya pili wakamdunga sindano hiyo. Midomo ikavimba, koo likaziba, akakata pumzi mbele yangu, wakapambana naye mpaka akarudi. Muuguzi akaandika kwa herufi nyekundu kwamba mgonjwa huyu asipewe tena dawa hii, itamuua. Maneno hayo yapo hadi leo, kwenye namba yangu mimi, ambaye siku zote nne nilikuwa kazini nikisaini daftari la mahudhurio. Mama nilimwapisha asimwambie mtu yeyote, hata wewe, na kiapo hicho ndicho anachokitunza.

Nimewaunganisha wagonjwa wa watu wote, mama yangu nimemwacha vipande viwili. Nilifikiria kuzihamishia siku zile kwenye namba ya mama kimyakimya, lakini hakuna kinachohamishwa bila Mzee Rula kukiidhinisha, na yeye lazima atauliza. Nikijibu, kazi sina, na huenda polisi nao wakauliza. Jana nilijiambia labda safari hii haitamdhuru. Hebu fikiria, mtoto kuwaza hivyo juu ya mama yake kwa sababu ya kiti cha ofisini. Najiogopa mwenyewe kuliko ninavyomwogopa Mzee Rula.

Leo asubuhi nilimnong'oneza mama kwamba nitamwambia daktari. Alikasirika, dada, hujawahi kumwona hivyo. Alisema mimi nina watoto wa kulea, yeye ameshaishi, na nisimvunjie kiapo chake. Kisha akageukia ukutani. Nimeandika kurasa hizi ili awepo angalau mtu mmoja anayejua, nisije nikapata njia ya kurudi nyuma.

Daktari ameingia masjala sasa hivi kuchukua mafaili ya kesho. Nimemwomba akae kidogo, nina jambo la kumwambia nikimaliza mstari huu. Amevuta kiti, amekaa, ananitazama. Utanisamehe mwandiko, naandika haraka. Msalimie sana shemeji, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Barua hii naituma kwa basi la leo; njoo, dada. Kama watakuwa wameshanitoa getini, mama asiamke akakosa mtu wake.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba