Majina Thelathini na Mawili

Jumatatu, 3 Juni 1957

Nilipoteza nyumba yangu Alhamisi tarehe 23 Mei, saa tatu ya asubuhi. Vyumba vitatu. Mawe elfu mbili mia moja na arobaini, nimeyachonga mwenyewe, nimeyaleta toka Munigi. Kujenga: miaka minne. Kubomoa: dakika hamsini. Barabara mupya itapita, walisema watu wa serikali. Barua hakuna.

Leo kazini. Ukuta wa mutu mwingine. Safu moja ikapinda, nikaibomoa, nikaanza tena.

Tunalala kwa shemeji. Mulango wake nao umepakwa musalaba wa chokaa. Nimehesabu misalaba mutaa muzima: thelathini na moja. Watabomoa tarehe mosi Julai.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemuona Muzee Sebahire, mutu wetu katika konsey ya territoire, baraza la wilaya. Nimemuuliza sheria inaanzia wapi. Kumbe anaweza kuileta mezani yeye mwenyewe. Konsey ikikubali, kubomoa kunasimama mpaka wakubwa watie mukono. Kikao ni tarehe 28.

"Lakini siendi na mudomo mutupu," amesema. "Uniletee majina ya watu."

Nimeandika maneno mafupi ya sheria: nyumba isibomolewe bila barua ya miezi mitatu, na mwenyewe aonyeshwe kwanza kiwanja kingine. Basi.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa nimepita nyumba kumi na tisa. Wote wanataka sheria. Hakuna anayetaka kuandika wa kwanza.

"Ule wa kwanza njo wanakamataka," amesema Mama Veneranda, mushonaji wa nguo. "Anza weye, Papa Fundi. Nyumba yako imekwisha kuvunjika, watakuvunja nini tena?"

Watu wakacheka. Mimi pia. Kisha sikuandika.

Niliogopa. Mwaka jana fundi mwenzangu alipeleka barua, jina lake peke yake chini. Walimuhamisha. Muke wake mpaka leo hajui ni wapi.

Jumatano, 12 Juni

Muke wangu alikuwa anasuka kitunga. Akanitupia miguuni kitako cha kitunga hicho, nyasi zimetawanyika pande zote.

"Fundi, nionyeshe unyasi wa kwanza ni gani."

Sikuuona.

Nimepiga musumari katikati ya karatasi. Kamba, penseli, duara. Nikaigawa nusu, kisha nusu tena, mara tano. Nafasi thelathini na mbili. Nyumba za misalaba na yangu. Inaenea kabisa.

Jumapili, 16 Juni

Imejaa. Majina yamezunguka kama njiti za gurudumu la baiskeli. Wasiojua kuandika wametia kidole. Mama Veneranda aliigeuza karatasi mara tatu akitafuta nani yuko mbele. Hakumuona. Akatia kidole.

Langu liko kati ya la shemeji na la Mama Veneranda. Nimejificha vizuri.

Jumanne, 18 Juni

Imerudi.

Karani wa konsey aliizungusha mezani, akamurudishia Muzee. Karatasi isiyo na kichwa haipokelewi. Wakiuliza, nani anajibu? Anataka mutu mumoja. Mwisho wa kuandikisha ni Jumamosi hii.

Muzee Sebahire naye amebadilika. Anakohoa, anaangalia viatu vyake. "Tungoje mwaka kesho." Mwaka kesho misalaba itakuwa haina milango!

Gari yoyote ikipunguza mwendo, nageuka kuiangalia. Nimepiga hesabu. Wakinichukua, wanabaki muke na watoto wanne. Nikinyamaza, zinaanguka nyumba thelathini na moja. Nimerudia mara mbili. Hesabu ni ileile. Woga nao ni uleule.

Alhamisi, 20 Juni

Asubuhi nimeandika jina langu katikati, juu ya tundu la musumari. Jina la ubatizo, jina la baba, kijiji: Kalengera. Herufi kubwa.

Muke wangu aliangalia, akaenda kuteka maji. Aliporudi alifunga blanketi moja, sabuni na shati langu katika kitambaa. Akaviweka karibu na mulango.

Muzee hakuwa nyumbani. Karatasi nimemuachia muke wake, pamoja na barua hii. Naikopia hapa.

"Muzee, kichwa kimepatikana. Ni mimi. Sasa sitaki kusikia 'tutaona'. Utaipeleka ao hautaipeleka? Unijibu ndiyo ao hapana, kesho Ijumaa, saa sita ya muchana. Niko kwenye ukuta wangu wa kazi, upande wa barabara. Nitakuwa nimetazama njia."