Mtafitiwa Na. 7 Ni Shangazi Yangu

Jumapili, Juni. Jua lipo, lakini ni la mapambo tu; upepo wa nyanda za juu za Ufipa unapenya chini ya mlango na nimevaa koti ndani ya nyumba. Moyoni hali ni hiyo hiyo.

Makala yangu imekubaliwa na jarida. Sentensi hii nimeiota tangu nilipohitimu, na leo inanikera kuiandika.

Mwongozo wa jarida niliutii kama katekisimu. Nilianza na mpangilio: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho. Chini ya kila kichwa niliweka hoja zake kabla ya kuandika aya hata moja. Marejeo niliyapanga kialfabeti, jina la ukoo likitangulia, mwaka kwenye mabano, mstari wa pili ukiingia ndani. Wenzangu huzilalamikia kanuni hizi. Mimi nimezitetea kwa ukali. Hoja isiyo na utaratibu, huwaambia, ni kelele.

Kisha ikaja kanuni ya majina.

Makala inahusu wakulima wanaojichagulia mbegu za maharage pembezoni mwa mji. Kiini chake ni shangazi Leokadia, dada mkubwa wa baba, anayeishi mtaa wa Izia. Msimu baada ya msimu alitenga punje za mashina yaliyostahimili baridi, akazipanda kando, mpaka akapata maharage mekundu yenye baka jeupe ambayo mtaa mzima huyaita kwa jina lake. Mtu hufika gengeni na kusema, "Nipimie Leokadia," na hakuna anayecheka. Alikubali nimhoji kwa sharti moja: jina lake liandikwe. Nilimwahidi. Shangazi hajui unyenyekevu, na majivuno yangu, nikisema kweli, yametoka upande huo.

Mhariri akaagiza utambulisho wa watafitiwa ufichwe. Na kwa kuwa jina la mbegu linamfichua mwenye mbegu, nalo liondoke. Shangazi awe Mtafitiwa Na. 7. Maharage yawe Aina B.

Nilimjibu kwa kurasa mbili. Nilimuuliza: kanuni inayomkinga mtu na sifa zake mwenyewe, inamkinga na hatari gani? Ilikuwa hoja nzuri. Hoja nzuri naijua nikiiona. Akajibu kwa adabu ya kuudhi kwamba jina linaweza kubaki, mradi niombe upya kibali cha maadili ya utafiti na makala isubiri toleo lijalo. Lakini toleo lijalo litatoka baada ya chuo kimoja kufunga maombi ya nafasi ya mkufunzi ninayoitaka, na wanadai makala iliyokwisha kuchapishwa.

Jana mchana niliiamuru kompyuta ibadilishe jina lake kila lilipo. Ilimaliza kabla sijavuta pumzi. Nikatuma.

Leo baada ya misa nimekwenda Izia kumweleza. Nilimkuta uani akipeta maharage pamoja na jirani yake, Mama Fausta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, msomi wetu. Kitabu kimetoka?"

Nikamweleza, nikianzia mbali kama ilivyo desturi yangu. Akaweka ungo chini.

"Redioni wanaofichwa majina ni wezi ambao kesi yao haijaisha. Mimi nimeiba nini?"

"Ni kanuni, shangazi. Ni kwa usalama wako."

"Usalama! Mama Fausta, sogea huko, umekaa na mtu hatari."

"Nisogee wapi, Namba Saba?" Mama Fausta alishika mbavu kwa kicheko. "Nionyeshe kwanza hao sita waliokutangulia."

Shangazi naye alicheka, kisha akanigeukia. "Na lako wamelificha?"

"Hapana. La mwandishi hubaki."

"Majina yako yote matatu?"

"Yote matatu."

Aliyatazama maharage kwenye ungo. "Kwa hiyo haikuwezekana kabisa, baba?"

"Haikuwezekana."

"Basi. Kama haiwezekani, haiwezekani." Akaendelea kupeta.

Iliwezekana.

Mwanamke huyu hubishana na mizani ya sokoni. Hubishana na padri. Kwangu hakubishana, kwa sababu nimesoma, na msomi akisema jambo haliwezekani, huenda kweli amelitafuta kila mahali akalikosa. Ningependa kumlaumu mhariri, na mchana kutwa nimejaribu. Kanuni yake ni butu, haitofautishi kumlinda mtu na kumfuta. Lakini mlango aliuacha wazi, akanionyesha na kitasa. Aliyeufunga ni mimi, kisha nikamwambia shangazi kwamba pale ni ukuta.

Jioni hii nimeandika barua ya kumwomba mhariri aisitishe makala mpaka toleo lijalo. Ina mistari mitatu. Nimeisoma kama ninavyosoma kazi za watu wengine, nikitafuta udhaifu, na sikuona hoja hata moja ya kuipinga.

Mbona basi sijaituma?