Fundi Aliniuliza Jina

Hanadi, gari limezimika tena, katikati ya makutano ya Mzunguko wa Saba, watoto watatu wakiwa nyuma.

Tumevutwa hadi gereji. Fundi akataka jina la kuandika. Nikamwambia, "Mama Rakani."

"Hilo la mwanao, dada. La kwako je?"

Nikanyamaza. Hanadi, nilinyamaza!

"Ala! Gari limezimika, na wewe umezimika?" Gereji nzima ikacheka.

Rakani akadakia, "Anaitwa Mama."

Mume wangu yuko Kuwaiti mwaka wa tatu sasa, na hata yeye simuni huniita Mama Rakani. Walimu na majirani vilevile. Nawaendesha watu kutwa nzima, na hakuna anayelijua jina langu.

Gari limepona. Nimeegesha nje ya nyumba, sijashuka.

Nitumie ujumbe wa sauti. Usiseme mengi. Sema tu, "Rudaina."